Nilivyoswaga Mbuzi kwa Mwezi hadi Ng'ambo ya Bwera

Kosa langu la kwanza kazini nalisema mwenyewe mapema, kabla kaka yangu hajawasimulia kwa namna yake: niliwapeleka mbuzi wake wa mahari mashariki, na Kongo iko magharibi. Sikupotea kwa bahati mbaya. Niliwaongoza kwa uhakika mkubwa, nikiwa mbele, fimbo begani, nikipiga mluzi wa chini chini.

Wadogo zangu mlio bado darasa la tano na la sita, nawaandikia kama mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na sita, na kazi ya kuswaga mbuzi usiku niliifanya kila likizo tangu sauti yangu ilipoanza kukoroma. Sasa nimeiacha kwa sababu ya mitihani. Watu wazima wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Mimi nimebaki na shati ambalo hata mbwa wetu hulinusa mara mbili kabla ya kunikubali.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sisi wa Kyarumba tunaoa ng'ambo, na wa ng'ambo wanaoa kwetu, kwa sababu ni watu wale wale. Wakoloni walipoufanya Mto Lhubiriha mpaka, walikuta tumeshazaana. Mahari ni mbuzi. Siku hizi nchi ile inaitwa Zaire, lakini mbuzi hawajaambiwa, na sisi tunaendelea kusema Kongo. Barabarani kuna vizuizi, na mtu mwenye bunduki na njaa akiona mbuzi wa mahari, mahari haioni. Kwa hiyo mbuzi hupita usiku, chini ya barabara, kwenye uwanda wa majani unaoteremka kuelekea ziwani. Kule kuna vijia vya nyati, vya viboko na vya wachukuzi wa chumvi, na usiku vyote vinafanana. Taa huwezi kuwasha. Unabaki na mwezi tu.

Sasa nieleze ujinga wangu ulikotoka. Safari ya kwanza, ya kupeleka nusu ya mbuzi wa Baluku, kaka yangu mkubwa, nilikwenda na mjomba. Mwezi ulikuwa mchanga. Kitabu chetu cha jiografia, kilichoandikwa na watu wa mbali, kinachora mwezi mchanga umesimama wima kama ndizi. Kwetu hapa unalala chali kama mtumbwi, na jioni ile ulikuwa umeelea juu ya milima ya Kongo. Mjomba akaunyooshea kidole, akasema, "Unauona? Tunakwenda chini ya ule." Hakuongeza neno. Tulifika salama, na mimi nikaweka akilini kwamba mwezi unakaa Kongo.

Wiki mbili baadaye mjomba akashikwa na malaria, na mbuzi wa nusu ya pili walikuwa wanangoja Kinyamaseke, kando ya barabara kuu. Hapo jambo lilikuwa zito. Baba yake Kahindo, msichana wa Baluku, alikuwa ametoa neno lake la mwisho: mbuzi waliobaki waingie uani kwake asubuhi ya Jumamosi kabla umande haujakauka. Wakichelewa, Kahindo atapewa mfanyabiashara wa kahawa wa Butembo, ambaye alikuwa na pikapu na jino la dhahabu. Baluku alifanya kazi mgodini Kilembe. Alizijua njia za chini ya ardhi kuliko za juu, na ruhusa aliyopewa ilikuwa ya siku zile tu. Alikuwa amemfikiria Kahindo mpaka nguo zikaanza kumpwaya.

"Njia unaijua?" akaniuliza tukiwa tumejificha na mbuzi kwenye migomba, tukingoja giza likolee.

"Naijua kama mfuko wangu."

"Mfuko wako una tundu."

"Hata tundu lenyewe nalijua."

Jioni ile mawingu yalikuwa yamefunika milima yote, na giza likaingia bila mtu kuona jua lilikozamia. Nilijiandaa kama fundi. Kengele nilizifungua. Beberu nilimfunga mdomo kwa kamba ya mgomba, kwa kulegeza, apumue lakini asihutubie. Kitoto kilipangwa ubavuni mwa mama yake, maana kitoto kilichotenganishwa kitaita mpaka kambi nzima ya askari iamke. Haya yote niliyafanya vizuri na najisifu. Kisha tukatoka migombani, na baada ya muda kidogo mwezi ukachomoza mbele, mkubwa, mwekundu kama kaa la moto, umelika kidogo upande wa juu.

"Ule pale," nikasema. "Kongo."

Baluku akautazama. "Mbona mkubwa hivyo?"

"Kwa sababu leo tumeanzia karibu."

Tukaufuata. Tulikwenda vizuri, mbuzi watulivu, upepo wa baridi. Baada ya mwendo mrefu Baluku akaanza kunusa.

"Kule," akasema, hilo ndilo jina langu, "Kongo inanuka chumvi?"

"Wanapika sana."

"Hii ni chumvi ya Katwe. Nimeinusa tangu utoto."

Nilikuwa bado natafuta jibu pale sauti ya mwanamke ilipotusalimu kutoka kwenye jiwe la kando ya kijia, "Bonsuar, batoto. Munapeleka mbuzi kuoga mu ziwa?"

Huyo alikuwa Mama Kanyere, mchuuzi wa Butembo, rozari shingoni, gunia la chumvi limesimama kichwani mwake kana kwamba liliota pale. Alikuwa akitoka Katwe, kwenye ziwa la chumvi, kurudi kwao, na alikuwa amekaa akingoja mtu yeyote wa kutembea naye, kwa sababu usiku viboko hutoka kula majani na yeye hakutaka kukutana nao peke yake. Lugha yetu aliijua vizuri, maana kwao ni ile ile, lakini alikuwa na mazoea ya sokoni na Kiswahili chake hakukiacha nyumbani hata siku moja.

"Tunakwenda Kongo, mama," nikasema.

"Kongo ya wapi?"

Nikaonyesha mwezi.

Hakucheka papo hapo. Alilitua gunia chini kwanza, akaliegemeza kwenye jiwe, ndipo akacheka mpaka beberu akarudi nyuma. "Ile mwezi inatoka Mbarara, mutoto wangu. Inaenda Kongo kama siye, lakini bado haijafika. Weye unaenda kuipokea mu njia?"

Baluku akakaa chini kwenye majani. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Umande wa Jumamosi. Kesho ni Jumamosi."

Mama Kanyere akaulizia habari yote, akaelezwa, pamoja na ile pikapu. Akafikiri. "Miye naogopa viboko, nyinye munaogopa babamukwe. Alor, simameni. Tutaenda pamoja. Batu batatu na mbuzi, kiboko itazani ni soko."

Akajitwika gunia. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mwalimu yeyote wa ufugaji angenipa alama: mbuzi walipoinusa ile chumvi, waliacha kuswagwa. Walimfuata wenyewe, shingo mbele, kama waumini nyuma ya msalaba. Tangu usiku ule, likizo zote zilizofuata, sikuondoka bila donge la chumvi ya Katwe mfukoni. Fimbo ilibaki ya kujionyesha.

Sasa tumefika kwenye somo. Nalieleza kama alivyolieleza yeye akitembea, bila kugeuza kichwa, kwa sababu kichwa kilikuwa na kazi.

"Mwezi iko na tumbo na mugongo," alisema. "Tumbo njo pale yenye kuviringa muzuri. Mugongo njo pale yenye kuliwa. Tumbo inaangalia jua siku zote, hata kama weye huone jua. Mwezi yenye inakua, jua imetangulia kulala ku Kongo, basi tumbo inaangalia Kongo. Mwezi yenye inaisha, kama hii, jua iko nyuma, itatokea ku Kasese. Tumbo inaangalia wapi?"

Nikageuka. Upande mzuri wa mwezi ulikuwa umeelekea chini, kule tulikokuwa tunatoka. Mgongo uliolika ulikuwa juu, umetuelekea sisi.

"Kasese," nikasema.

"Eh. Na ulikuwa unatembea ku tumbo yake sawa mutoto anatafuta ziwa ya mama yake."

"Na ukijaa, mama? Mgongo unakuwa wapi?"

"Ikijaa iko tumbo pande zote, sawa mukubwa wa soko. Ile unaangalia saa. Jioni iko Kasese. Usiku katikati iko juu ya kichwa. Asubui iko Kongo. Haijawahi kuchelewa, si kama weye."

Wadogo zangu, nimesoma vitabu kadhaa tangu wakati huo, na hakuna kilichonieleza mbingu kwa maneno machache kama hayo. Nilimhusudu mama yule. Alikuwa ametembea siku nzima, na alitembea mbele yetu bila kushika gunia kwa mkono, akizungumza, akitafuna muhogo, akitia mguu mahali pakavu kila mara, wakati mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye matope mara nyingi kiasi kwamba viatu vyangu vya shule vilianza kuongea.

La pili alilonifundisha ni kivuli. Kutembea ukitazama juu ni njia fupi ya kuanguka. Kwa hiyo unautazama mwezi mara moja, unajua uko wapi, halafu unatazama chini. Tukielekea Kongo, mwezi ukiwa bado nyuma upande wa Kasese, kivuli chako kinatangulia. Kifuate. Kitaendelea kufupika. Siku kikirefuka badala ya kufupika, ujue umepoteza akili au umelala ukitembea, na yote mawili yamenipata.

Kulikuwa na wakati mbaya mmoja, nao ni pale unapokanyaga kivuli chako mwenyewe. Hapa kwetu mwezi hupita juu ya utosi kabisa, na ukiwa pale hauonyeshi kitu. Baluku alitaka tuendelee tu.

"Twende, mama. Umande haungoji."

"Kaa chini, bwana arusi. Ukienda mbio mbaya, utarudi polepole." Akachoma kijiti ardhini, akaweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli chake kidogo, akagawa muhogo. Tulikula. Baluku alitafuna kama mtu anayelipa kodi. Muhogo ulipokwisha, Mama Kanyere akainama: ncha ya kivuli ilikuwa imekiacha kijiwe na kusogea. "Mwezi inaenda Kongo, kivuli inakimbilia Kasese," akasema. "Siye tunageuzia kivuli matako." Tukasimama, tukajipanga, kivuli kikawa nyuma, tukaenda.

Jaribuni hilo wenyewe uani kwenu, mwezi ukiwa juu. Msiwaambie wazazi mnafanya nini. Waambieni ni kazi ya nyumbani.

Tulipokaribia Bwera, mji wa mpakani upande wetu, mbuzi walisimama ghafla. Mbele yetu palikuwa na nukta nyekundu, ikipanda na kushuka. Sigara.

"Simama hapo hapo. Nani?"

Nilikuwa nimetunga uongo mzuri wa dharura, kwamba sisi ni wa kanisa, lakini Mama Kanyere akatangulia.

"Ni mama ya chumvi, afande, na batoto babili na mbuzi ya mahari."

Yote. Alisema yote. Baluku alifumba macho.

Askari akasogea. Alikuwa kijana, bunduki begani, na kwa matamshi yake nilijua ni mtu wa kaskazini, mbali sana. "Nani anaoa?"

Baluku akanyoosha mkono kama darasani.

"Mbuzi tu? Hakuna ng'ombe?"

"Kwetu ni mbuzi, afande."

Askari akavuta sigara, akawatazama mbuzi mmoja mmoja. Nilimwona akimtazama sana yule mnene. "Kwetu ni ng'ombe," akasema. "Mimi ng'ombe ilinishinda." Kisha akavua kofia yake, akaigeuza. "Mama, weka chumvi hapa. Mboga ya kambi haina ladha."

Mama Kanyere akaijaza mpaka ukingoni, akaigongagonga itulie, akaongeza.

"Pita haraka," askari akasema. "Usiende upande wa daraja. Pale kuna mwenzangu, yeye hapendi arusi."

Tulipokuwa mbali nikamwuliza Mama Kanyere kwa nini alisema kweli tupu. Akanijibu, "Mbuzi inapumua nyuma yangu na mwezi iko wazi. Ningesema ni kuku?"

Baada ya hapo mawingu yakashuka kutoka mlimani, yakaufunika mwezi, na mimi nikaona sasa basi, mwalimu amenyang'anywa ubao. Mama Kanyere hakupunguza hata hatua. "Baridi iko ku shavu gani?" akaniuliza.

"La kulia."

"Usiku upepo inateremuka mulima. Mulima iko kuume, Kongo iko mbele. Ikikuja ku pua, umegeuka. Ikikuja ku kisogo, rudia masomo." Tukatembea hivyo, kila mmoja akilinda shavu lake la kulia, mpaka wingu lilipochoka. Mwezi ulipotokea tena ulikuwa umepauka na anga lilikuwa linaanza kuwa jeupe, na safari hii ulikuwa mbele yetu, juu ya milima ya Kongo kweli.

"Sasa ndiyo useme," Baluku akaniambia.

"Ule pale," nikasema. "Kongo."

Kwa mara ya kwanza usiku ule akacheka.

Tukavuka Lhubiriha mahali wanawake wanapofulia. Mbuzi, baada ya kulamba gunia lile usiku kucha kila lilipotuliwa, waliingia majini wakanywa kana kwamba wamelipiwa. Baluku alikuwa anawavuta kamba. Jua lilikuwa limeshachungulia. "Waache banywe," Mama Kanyere akasema kwa utulivu kabisa, na sikuelewa kwa nini. Akatuaga hapo hapo, kwa sababu gari la kwenda Butembo lilikuwa linajaza watu. Baluku alitaka kumpa kitu, hakuwa na kitu. Alimshika mikono yote miwili tu. Mimi nilisema asante nikashindwa kuongeza mzaha wowote, jambo ambalo wanaonijua watalitilia shaka.

Uani kwa baba yake Kahindo pikapu ilikuwa imeshafika. Yule mfanyabiashara mwenyewe alikuwa ameegemea mlango wake, jino linang'aa. Watu walikuwa wamekaa, na jua lilikuwa limefika kwenye ukuta wa jikoni. Kahindo alisimama nyuma ya shangazi zake, na aliangalia miguu ya mbuzi, si ya Baluku, akihesabu kimoyomoyo kama wote wametimia.

Mzee akatoka ndani bila viatu. Hakutusalimu. Akaenda mpaka kwenye majani karibu na shimo la takataka, mahali penye kivuli cha ghala, akaupitisha wayo wake polepole juu ya majani, akaenda, akarudi. Mzee akainua mguu, akatuonyesha unyayo. Ulikuwa umelowa, na kipande cha jani kimeganda kwenye kisigino.

"Bado," akasema.

Yule wa pikapu akasema pale kwenye jua pamekauka. Mzee akamjibu kwamba alipoweka neno lake hakusema kwenye jua.

Kisha shangazi mkubwa akawakagua mbuzi, na hapo ndipo nilipofahamu hekima ya mtoni. Matumbo yao yalikuwa yameviringa kama ngoma. Shangazi akagonga moja, akagonga la pili, akawageukia wenzake. "Mbuzi wa Kyarumba wanakula nini huko mlimani?" Mimi nikasema, kwa heshima zote, kwamba ni hewa nzuri. Vigelegele vikapigwa. Yule wa pikapu akawasha gari, likakataa, ikabidi sisi tumsukume.

Basi habari ikaenea, na watu wa Kyarumba wenye vijana wa kuoa wakaanza kuniita. Niliwapelekea wengi, katika mwezi mchanga na mwezi mkongwe, na sikuwapeleka mbuzi mashariki tena. Nilipokutana na Mama Kanyere njiani, mara mbili, tatu, alinisimamisha na kuniuliza tumbo liko wapi kabla ya kuniitikia shikamoo. Sijapata mtihani wa haki kuliko ule.

Lakini siku ile ya kwanza, tuliporudi nyumbani, mimi nilikuwa nimeshaandaa simulizi safi isiyo na mashariki ndani yake. Baluku akaniwahi. Alimwambia mama kila kitu: mwezi mwekundu, harufu ya Katwe, "wanapika sana", askari na kofia yake, kijiti, umande. Mama alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho hata aliposikia habari za viboko. Alimaliza ungo wote, akatupa mawe nje ya mlango, akavitazama viatu vyangu vya shule, au mabaki yake, kisha akaniambia hivi, neno kwa neno:

"Kahindo ni binti mzuri, nimempokea. Lakini wewe, Kule, siku yako ikifika, oa kwenye nyumba ninayoiona nikiwa jikoni."